Baiskeli Isiyo na Mzigo

Neno la yule mzee limenikaa tangu Jumanne na halitaki kuondoka. Tulikuwa tumejikinga mvua kwenye baraza ya duka moja kule Kabaru, upande wa Kieni, pale mashamba ya viazi yanapokoma na msitu wa Mlima Kenya unapoanza. Vijana wanne wakatokea kwenye barabara ya msituni wamepanda baiskeli za mtumba, zile zenye matairi mapana ya meno. Walikuwa wamelowa chepechepe, matope yamewarukia hadi kwenye nyusi, na walikuwa wakicheka kicheko cha watu ambao wametoka kuponea chupuchupu. Mzee mmoja aliyekaa kando ya mtungi wake wa maziwa akawaita.

"Mmetoka kazi gani huko?"

"Hatukuwa kazini, guka. Tulikuwa tunateremka tu."

"Mnateremsha nini?"

"Hatuteremshi kitu. Ni sisi tu."

Mzee akazitazama zile baiskeli kwa nyuma, akaona hazina hata keria. Akatikisa kichwa. Alichosema hakukisema kwa hasira, alikisema kwa huzuni ya kweli: "Baiskeli tupu, mchana kutwa. Na nyumbani ng'ombe hawajakatiwa nyasi." Barazani wote tukaguna kukubali. Vijana wakanyamaza, wakainamisha vichwa, wakazikokota baiskeli zao hadi barabara kuu kana kwamba wamefumaniwa wakiiba.

Ni kule kuinamisha vichwa kulikonichoma.

Namheshimu mzee yule, na ninajua neno lake lilikozaliwa. Kizazi chake kiliijua baiskeli moja tu, Black Mamba, ile nyeusi ya chuma kizito isiyo na gia. Ilipeleka maziwa kwenye chama cha ushirika, kabichi sokoni Karatina, nepia zizini, na mgonjwa zahanati akiwa ameketishwa kwenye keria huku amemshika dereva kiunoni. Katika miinuko yetu nusu ya safari mtu aliikokota baiskeli badala ya kuipanda, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu ilikuwa ikilipa karo. Watu wengi wenye vyeo leo katika kaunti hii walisomeshwa na keria ya baba yao. Pikipiki zilipoingia kwa wingi zikachukua ule mzigo wote, na baiskeli ikabaki ukutani. Hapo tukafikia uamuzi bila kuujadili: kama haibebi kitu, haina maana, na anayeipanda hana kazi.

Msitu nao tumeuwekea sheria hiyohiyo. Anayeingia lazima atoke na kitu. Atoke na kuni, na asali, na majani ya ng'ombe, na dawa ya mti wa muiri, au na magunia ya viazi vilivyolimwa katikati ya miche ya misonobari. Akitoka mikono mitupu tunamshuku. Sitaki kuisahau historia iliyotufikisha hapa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, msitu huu na ule wa Nyandarua iligeuzwa maeneo yaliyopigwa marufuku, na aliyeonekana ndani angeweza kupigwa risasi. Wanavijiji, wanawake wengi miongoni mwao, walichimbishwa kwa nguvu handaki kandokando ya msitu ili wapiganaji wa uhuru waliojificha humo wasipate chakula kutoka kwa jamaa zao. Dedan Kimathi, kiongozi wao, alikamatwa ukingoni mwa msitu huku kwetu Nyeri Oktoba 1956. Baada ya uhuru wakaja askari wa misitu, vibali na faini. Kwa hiyo babu aliingia msituni kujificha, baba akaingia kutafuta, na mtoto akaonywa asiingie kabisa. Hakuna kizazi katika hivyo kilichoambiwa: nenda ukafurahi.

Wengine wameambiwa. Kila mwaka hufanyika yale mashindano ya baiskeli ya 10to4, ambayo waendeshaji wake huanzia kwenye miteremko ya juu ya mlima, karibu futi 10,000, wakashuka kupitia msituni hadi nyanda za Laikipia zenye joto. Wengi wao hutoka Nairobi na ng'ambo. Fedha zinazopatikana husaidia kazi ya Mount Kenya Trust ya kuulinda msitu, na mimi sina ugomvi nao hata kidogo. Wanafanya jambo jema, na wanalifanya kwa moyo. Ugomvi wangu ni na sisi tunaosimama kandokando ya barabara tukiwapungia mikono, tukiona ni sawa kabisa mtu mzima wa miaka hamsini aliyetoka mbali kurukaruka juu ya mizizi ya miti yetu, kisha jioni tumfokee kijana wetu kwa jambo lilelile. Tumekubali mgeni acheze na mwenyeji abebe.

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa kuwa watu wana njaa, bei ya majani chai haieleweki, vijana wamezama kwenye pombe haramu, na wewe mwandishi umekaa kutuhubiria michezo. Jibu jepesi ninalo. Ningeweza kumtaja mwendesha baiskeli Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa akiwa mvulana na David Kinjah, katika nyumba ya kawaida kule Kikuyu, wakipanda na kushuka vijia vya vijijini. Froome huyo ndiye aliyekuja kushinda Tour de France mara 4, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Wazazi wangenisikiliza mara moja. Wangeuliza baiskeli hizo zinauzwa wapi.

Lakini nikijibu hivyo nitakuwa nimesalimu amri. Nitakuwa nimekubali kwamba baiskeli isiyobeba maziwa angalau ibebe medali, na kwamba kijana asiporudi na pesa basi mchana wake umepotea. Siamini hivyo. Vijana wote wanne wa Kabaru wanaweza wasishinde chochote maisha yao yote, na bado ule mteremko ulikuwa haki yao. Anayeshuka njia nyembamba kati ya miti hana nafasi ya kuwaza mengine. Anarudisha uzito nyuma, anatazama mbali mbele na si kwenye gurudumu, anagusa breki kwa vidole viwili tu, maana akiibana ya mbele juu ya mzizi uliolowa itamtupa. Kwa dakika chache hana deni, hana matokeo ya mtihani, hana baba anayemlinganisha na mtoto wa jirani. Tunalia kila siku kwamba vijana wa mlimani wanatafuta chupa ili wasahau, halafu tunawaaibisha wale waliopata njia ya kusahau isiyoua ini.

Kuna la pili, na hili nalitilia mkazo zaidi. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, si mbali na hapa, mwaka 1940. Katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia jinsi alivyotumwa kuchota maji na kutafuta kuni, akaishia kucheza kwenye kijito kando ya mti wa mugumo, akijaribu kuokota mayai ya vyura yanayong'aa ili ayavae shingoni kama shanga. Hakutumwa mayai ya vyura. Hayakupikika wala hayakuuzika. Miaka mingi baadaye alirudi, akakuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka, na uchungu alioupata ulikuwa wa mtu aliyejua hasa kilichopotea. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya kupanda miti ya Green Belt Movement, Januari 1999 akapigwa hadi kutoka damu akijaribu kupanda mti katika msitu wa Karura, Nairobi, na mwaka 2004 dunia ikampa Tuzo ya Amani ya Nobel. Sisemi kwamba mayai ya vyura ndiyo yaliyoleta tuzo. Nasema kwamba aliyewahi kuwa na furaha mahali fulani hutambua upesi kuliko wote panapoharibiwa, na hawezi kunyamaza. Karura penyewe leo pana njia za baiskeli, na habari za kumega sehemu yake kwa ajili ya barabara zilipotoka mwaka 2024, ghadhabu haikuwa ya wanaharakati peke yao. Watu waliokuwa wakitembea na watoto wao humo walihisi wameguswa nyumbani. Huku kwetu mierezi inakatwa usiku na tunasikia msumeno tukiwa kitandani. Tunageuka upande wa pili, kwa sababu msitu ni wa serikali.

Nataka basi vijana wapewe njia za baiskeli msituni, lakini kuhusu ndovu sitanii. Hakuna mtu mwenye akili atakayewapeleka watoto kwa kasi kwenye vichaka wanamolala ndovu na nyati, na mbwembwe za baiskeli hazimshindi ndovu mwenye ndama. Wanyama hawa wana njia zao za tangu zamani, hata ikabidi wajengewe njia ya chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, na ndovu wa kwanza akapita hapo Januari 2011. Ndiyo maana sizungumzii msitu wa asili wa ndani. Nazungumzia mashamba ya miti ya kupandwa yaliyo pembezoni, misonobari na mikaratusi iliyopangwa mistari, ambayo itakatwa na kupandwa tena. Nazungumzia pia vilima vyetu kama Kilima cha Nyeri, kilicho juu ya mji. Kilima cha Karima kule Othaya kina sehemu za ibada za wazee, kwa hiyo huko tusiguse kitu kabla hatujakaa nao chini.

Na udongo? Udongo wetu mwekundu ukilowa hukatika, na njia iliyochongwa vibaya huwa korongo kwa msimu mmoja. Hili lina ufumbuzi unaojulikana. Kule Wales, Uingereza, kuna msitu uitwao Coed y Brenin, karibu na mji wa Dolgellau, nao ni wa miti ya kupandwa kwa ajili ya mbao kama hii yetu. Tangu miaka ya 1990 umetengenezewa njia za baiskeli zinazokata ubavu wa mlima badala ya kushuka wima, zenye kuinama kidogo upande wa nje ili maji yatoke kabla hayajapata nguvu, na zenye mawe mahali palipo laini. Mwaka 2025 mkahawa na duka la wageni vilifungwa kwa uhaba wa fedha, lakini njia zenyewe zikabaki wazi, na watu wanazitumia. Njia haihitaji umeme wala mhasibu. Inahitaji majembe, watu wanaoipenda, na ujasiri wa kuifunga masika yakichachamaa.

Wala hatuhitaji sheria mpya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zinaruhusu vyama vya jamii vya misitu kupewa haki ya kutumia msitu, na katika orodha ya matumizi hayo, pamoja na kuni, asali na malisho, imo burudani. Imeandikwa wazi. Kwenye mikutano ya vyama hivyo nimetusikia tukigombania ekari za viazi hadi jua linatua, lakini sijasikia mwanachama akisimama kuidai haki hii. Mwaka huu na idaiwe. Kila chama kilicho na mpaka na mlima, kuanzia Kabaru na Naro Moru hadi Nanyuki na Chogoria, kiombe sehemu moja ya miti ya kupandwa, njia moja ya kilomita chache, na kiwape vijana wenyewe kazi ya kuichonga na kuilinda.

Na zikipatikana baiskeli za kuanzia, ziwe chache au nyingi, napendekeza wasichana wapewe kwanza. Wale wanne wa Kabaru walikuwa wavulana, na hakuna barazani aliyeshangaa kwamba hapakuwa na dada yao. Dada yao anaujua msitu kuliko wao. Anaujua kwa kamba ya kuni inayomkata paji la uso, akipanda ameinama asione chochote ila visigino vya mama yake. Yeye ndiye aliyebeba kuliko wote. Wavulana wanaweza kusubiri zamu yao pale kwenye geti la msitu.