Subira ya Asiye na Njia

Barazani kwetu Magomeni, baada ya swala ya Ijumaa, kahawa ikishamiminwa mada huwa ni ile ile: vijana wa siku hizi. Hawana subira. Wanakula ovyo. Hata dukani hawaendi mpaka wapande bodaboda. Mmoja wetu atatikisa kichwa na kusema sisi tulikuwa watu wa namna nyingine, na wote tutaitikia. Ni mazungumzo matamu kweli, na mjukuu wangu ameyatia shubiri.

Ana Toyota IST, mtumba wa Japani, anabebea abiria wanaomwita kwa simu. Kila akiiwasha, mwanamke fulani ndani ya dashibodi huongea Kijapani kwa adabu kubwa. Wajuzi wanasema anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa. Magomeni hatuna barabara hiyo wala kadi hiyo, lakini bibi wa watu hachoki kuonya na mjukuu hachoki kumpuuza. Siku moja nimevaa kobazi naelekea msikitini, akasimama kando yangu.

"Shikamoo babu. Panda nikusogeze."

"Marahaba. Sisi tulitoka hapa mpaka Kariakoo kwa miguu na hatukufa."

Akacheka. "Mlitembea kwa kupenda, babu, au kwa kukosa nauli?"

Nilipofika msikitini nilikuwa bado nalitafuna swali lile, kwa sababu si la utovu wa adabu. Ni swali la dini. Mtu asiyefanya ovu kwa kuwa hana njia ya kulifanya, je, ametenda wema? Aliyenyimwa kitu anaweza kudai kwamba amejinyima?

Mimi niliendesha malori njia ya Zambia kuanzia miaka ya 1970, na ushahidi wangu wa kwanza natoa Kitonga. Pale mlima unashukwa kwa gia ile ile unayoupandia. Huku ukuta wa mwamba, huku korongo, na utingo anasoma kila dua aliyofundishwa madrasa. Ukiliona lori linatambaa utasema dereva huyu ana subira ya manabii. Hana. Ana mzigo mgongoni na breki asizoziamini. Mtazame akishapakua Dar, anarudi gari tupu kwenye tambarare ya Mikumi. Hapo ndipo utaijua subira yake, na twiga wataijua pia.

Ushahidi wa pili ni tumbo. Baada ya vita vya Kagera nchi ilikauka. Sukari foleni, sabuni foleni, mafuta ya kupikia foleni. Unga ukipatikana ni ule wa njano, na hakuna aliyeuliza ladha. Serikali ilikataza hata magari binafsi kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli, mji ukatulia kama tumeambiana. Leo wazee tunaisimulia miaka ile kana kwamba tulikuwa tumekaa itikafu. Tulikuwa wembamba, hatukujua kisukari, tulikula dona. Ndiyo, tulikula dona, kwa sababu sembe haikuonekana.

Na wale waliopata upenyo walifanya nini? Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza mwaka 1983, sukari iliibuka kutoka mvunguni mwa vitanda vya watu tuliokuwa tukisimama nao safu moja ya swala. Kisha mwaka 1985 Mzee Mwinyi akashika nchi, ikawa ruksa, bidhaa zikaingia. Tulioanza kukoroga vijiko vinne vya sukari katika kikombe kimoja hatukuwa vijana wa leo. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Tulikuwa sisi, wastahimilivu wa foleni. Kiasi tulichokuwa nacho kilikuwa kimewekwa na duka, nafsi haikuulizwa. Sasa daktari ananiagiza dona na mlenda, na naambiwa niepuke kile ambacho zamani ningekifuata kwa miguu mpaka Kariakoo.

Sisemi kwamba miaka ile haikuwa na wema. Palikuwa na mama mmoja mtaani kwetu, akibahatika kupata sukari kilo mbili huketi kizingitini na kikombe cha bati, akawapimia majirani waliorudi mikono mitupu. Anapima, anakung'uta, anamwita mwingine. Angeweza kufunga mlango, na watoto wake walikuwa wengi kuliko wetu. Kusimama foleni tulilazimika sote, yeye na sisi. Kikombe kile hakuna aliyemlazimisha kukishika.

Masheikh walilijua hili zamani, ila wazee hatupendi kulipeleka mbele. Zaka haimfungi asiyefikia nisabu: mali ifikie thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikamilishe mwaka mikononi mwako, ndipo udaiwe sehemu moja ya arobaini. Hija ni kwa mwenye uwezo. Mimi nikiwa safarini Tunduma nilipunguza swala na nikaahirisha saumu, na dini iliniruhusu. Maana yake wajibu hukua pamoja na uwezo. Aliye chini ya nisabu hana dhambi ya kutotoa zaka, lakini pia hawezi kujisifu kwamba mwaka huu hakuidhulumu.

Kwa hesabu hiyo, huyu mjukuu ninayemlaumu amefikia nisabu ya vitu ambavyo mimi kwa umri wake sikuvigusa. Ana gari, ana friji, chipsi mayai anaipata usiku wa manane kwa kubonyeza kioo. Akifunga Ramadhani huku friji imejaa, anafunga kwelikweli. Akisimama kwenye kivuko cha pundamilia apite mama mwenye mtoto, ilhali nyuma yake wanampigia honi, ana subira ambayo mimi Kitonga sikuwahi kudaiwa. Pesa ya mama yake aliye kijijini huituma kwa simu kabla hajaweka mafuta, na hilo nimelishuhudia kwa macho yangu.

Hayo hayamfanyi malaika. Futari yake inaweza kulisha harusi, na barabarani hupita nyumba kumi bila kujua jina la jirani hata mmoja. Lakini hukumu yake itatoka katika anayoyaweza, nasi vilevile. Wazee hatukuachwa nyuma na neema hii. Simu tunazo mfukoni, soda iko duka la kona, na wajukuu wenye magari wanatubembeleza tupande. Mwenye kutaka kusifu subira yake na aanze kuhesabu leo, kwani ule udhuru wetu wa kukosa njia umekwisha muda wake, kama leseni yangu ya udereva, na sijui dirisha la kwenda kuuhuisha.