Usiikane Saa Yako

Mpwa wangu,

Umeniuliza kama kuna ubaya kuvaa saa ya bei kubwa mbele ya watu wasioweza kuinunua, na kwa nini kila ukikaa na wenzako unajikuta unavuta mkono wa shati uifunike. Swali lako nimelipenda. Asiye na haya haulizi. Kwa hiyo sitakuambia uipuuze haya yako, wala sitakuambia uitii tu. Nataka tuihoji tujue imetoka wapi, maana iko haya ya adabu na iko haya ya hofu, na dawa zake si moja.

Tuanze na saa yenyewe, kwa sababu ufundi wa saa ndiyo kazi niliyoifanya tangu ujana wangu hapa Mombasa, na sipendi mtu avae kitu asichokijua. Saa yako haikupi wakati ulio bora kuliko wa wenzako. Ile Casio F-91W ya plastiki, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo watu wanaivaa mpaka leo, hukosea sekunde 30 hivi kwa mwezi mzima. Saa ya mashine ya Uswisi, hata ikiwa na cheti cha COSC cha kuthibitisha usahihi wake, inaruhusiwa kwa wastani kubaki nyuma sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku moja. Piga hesabu ya mwezi mwenyewe. Kama ulitaka wakati tu, ungetoa pesa kidogo sana.

Mambo yaligeuka tarehe 25 Desemba 1969, Seiko walipotoa saa ya Astron kule Tokyo, saa ya mkono ya kwanza kuuzwa madukani inayokwenda kwa betri na kijiwe cha kwatzi. Miaka iliyofuata viwanda vya Uswisi vilifungwa kimoja baada ya kingine na mafundi kwa maelfu wakakosa kazi. Vilivyosalimika viliacha kuuza wakati, vikauza jina na ufundi. Ndiyo maana matangazo yao hayakuambii saa ni ngapi. Yanakuonyesha mpiga mbizi, rubani, na mtu aliyetembea mwezini.

Jina silijali sana. Ufundi ndio ulioniweka kwenye ile meza yangu miaka yote. Ukifungua mgongo wa saa nzuri ya mashine ukaweka lenzi jichoni, unaona gurudumu dogo linayumba, huku na huku, mara 8 kwa sekunde, limeshikwa na uzi wa chuma mwembamba kama unywele uliozungushwa duara juu ya duara. Kuna skrubu ambazo ukipiga chafya zimepotea. Kuna vijiwe vyekundu ambamo ncha za magurudumu huzungukia, na kila kijiwe kinataka tone la mafuta dogo kiasi kwamba likizidi kidogo saa inaharibika. Yote hayo mtu ameyapanga, na mengine ameyang'arisha kwa mkono mahali ambapo mnunuzi hatapaona kamwe. Mtu akipenda kazi ya namna hiyo simlaumu. Sisi watu wa pwani tunavaa kofia ya vito iliyoshonwa kwa sindano miezi kadhaa, tunaingia nayo msikitini siku ya Idd, na hakuna anayeificha kwapani kwa sababu jirani yake kavaa iliyoshonwa kwa mashine.

Basi haya yako inatoka wapi?

Tazama kwanza pesa ilikotoka, na ilipita kwa nani kabla ya kufika dukani. Najua bei ya saa yako. Ni pesa ya kununua bodaboda tatu na kubaki na chenji. Kama ni mshahara wako, umeuweka kidogo kidogo, na wanaokutegemea hawakulala njaa kwa ajili yake, hapo huna deni na mtu. Lakini kama uliikopea, au mama yako alikuomba pesa za dawa ukamwambia mambo ni magumu huku unalipa saa kwa awamu, basi hiyo unayoiona ni haya ya kweli na isikilize. Hapo saa haina kosa. Wewe ndiye uliyeanza na cha mwisho ukaacha cha mwanzo.

Nilikuwa na mteja mmoja, mhasibu, mtu mpole sana. Alikuja na saa yake imefungwa kwenye leso, akaifungua polepole juu ya meza yangu huku akitazama mlangoni. Ilikuwa saa safi, ya kweli, lakini ilikuwa inachelewa vibaya. Nilipoifungua nikakuta mafuta yameganda, kwa sababu ilikuwa imelala muda mrefu bila kwenda. Nikamuuliza, huivai? Akasema huivaa usiku peke yake, watoto wakishalala. Aliinunua kwa mkopo wa SACCO na mkewe hakujua. Nilimwandikia risiti kama ninavyomwandikia kila mtu, na ile risiti ikakutwa mfuko wa suruali siku ya kufua. Mkewe hakuwaza mkopo. Aliwaza kuna mwanamke mahali anayempa mumewe zawadi. Yakawa makubwa, wazee wakaitwa, mpaka nami nikaulizwa. Alipokuja kusema ukweli, yule mama alisema neno moja ambalo sijalisahau: angeambiwa mapema angekasirika siku mbili, yakaisha.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Kuvaa hakukuharibii kitu, kuvua hakukuharibii kitu. Kinachoharibu ni kudanganya. Umeniambia kwamba rafiki yako mmoja alipokuuliza ulimjibu, "Hii? Feki tu, nimeiokota soko la Gikomba." Mpwa wangu, usirudie. Najua ulitaka kumfanya mwenzako ajisikie vizuri. Lakini umemwambia mambo mawili mabaya bila kujua: kwamba unamwona hana moyo wa kukufurahia, na kwamba wewe ni mtu unayeweza kumtazama usoni ukasema uongo juu ya kitu kidogo. Siku akijua ukweli, na atajua, hatakumbuka saa. Atakumbuka uongo.

Tazama wakubwa wa dunia walivyoaibika. Mwaka 2012 watu wa Urusi waliitazama picha ya Patriaki Kirill, mkuu wa Kanisa la Orthodox la Urusi, ameketi mezani. Mkononi hakukuwa na saa. Lakini meza ilikuwa imepigwa msasa na rangi ikang'aa, na ndani ya mng'ao wake saa ilionekana wazi, Breguet ya maelfu ya dola. Mtu alikuwa ameifuta mkononi akasahau kivuli chake mezani. Kanisa likalazimika kuomba radhi na kuirudisha picha kama ilivyokuwa. Kama wangeiacha saa pale pale, yangekuwa maneno ya siku chache kuhusu kiongozi wa dini na anasa. Walipoifuta, ikawa habari ya dunia nzima, na mpaka leo ukitaja saa na viongozi, watu wanaitaja ile meza.

Machi 2023, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alikuwa kwenye televisheni akiwaeleza Wafaransa kwa nini wafanye kazi miaka miwili zaidi kabla ya kustaafu. Katikati ya mazungumzo mikono ikashuka chini ya meza, ilipopanda saa haipo. Ofisi yake ilisema aliivua kwa sababu ilikuwa inagonga meza, na huenda ndivyo. Lakini watu walishaanza kusema ni saa ya euro 80,000, wakati bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya hizo. Mkono unaojificha huzidisha bei ya kilichofichwa. Mwaka uliofuata, Rais Dina Boluarte wa Peru aliulizwa kuhusu saa za Rolex alizoonekana nazo. Kwanza alizungumzia jasho lake la tangu ujana, polisi wakavunja mlango wa nyumba yake wakizitafuta, na mwishowe akasema aliazimwa na gavana mmoja. Wahenga wetu walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Usijilinganishe na hao kupita kiasi, hata hivyo. Anayelipwa na umma ana hesabu nyingine. Juni 2024 vijana wa Kenya, rika lako, walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, saa na mikanda ya baadhi ya wanasiasa ilikuwa gumzo, na hasira yao ilikuwa ya haki: huwezi kumwambia mtu akaze mkanda na mkononi mwako kuna ada ya chuo ya watoto kumi. Wewe hujamtoza mtu kodi. Ila ukipata cheo cha umma siku moja, nakuomba iache saa hiyo nyumbani. Hapo sitakuwa na mjadala.

Ama haya ya hofu, kama unachohofia ni wivu sina mengi. Hasidi hana sababu, na ukivaa kandambili atakuonea wivu wa vidole. Soma kinga zako asubuhi na jioni, uendelee na kazi. Wezi ni jambo jingine, hilo ni akili tu: katikati ya mji, ndani ya matatu, karibu na dirisha lililo wazi, vua utie mfuko wa ndani. Hakuna aibu yoyote katika hilo na huhitaji kumweleza mtu.

Sasa, adabu. Wanazuoni wetu wametufundisha mambo mawili yanayokwenda pamoja: kwamba Mungu hupenda athari ya neema yake ionekane kwa mja wake, na kwamba hapendi majivuno wala israfu. Vijana wengi hushika moja wakaacha la pili. Anayeshika la kwanza peke yake anakuwa kama Karun, aliyetoka mbele ya watu wake na mapambo yake. Anayeshika la pili peke yake anaishi kwa kunung'unika na kujificha. Yashike yote mawili. Na kwa vile uliniuliza siku moja, nakukumbusha hapa: saa ya dhahabu si vazi la mwanamume kwetu. Ya chuma inatosha.

Ziko sehemu ambapo mkono unatakiwa mtupu, na hapo usingoje kuambiwa. Unapokwenda kuosha maiti au kushuka kaburini, vua. Unapowanawisha wageni kwenye shughuli, vua, uukunje mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, ushike birika. Ukienda kumwona mgonjwa hospitali ambaye ndugu zake wanachanga kulipa bili, vua kabla ya kuingia, na kabla ya kutoka uwe umechanga. Hizi hazina uhusiano na hofu. Ni kwa sababu wakati ule wewe si wa kutazamwa, na kitu kinachometameta mkononi kinavuta macho yaliyotakiwa kuwa kwa mwingine.

Harusini, vaa. Ofisini, vaa. Barazani na marafiki zako, vaa, na usiitaje mpaka uulizwe. Chema chajiuza. Usiitandaze mezani karibu na simu na ufunguo wa gari, usitazame saa ngapi mara kumi, usipige picha mkono ulioshika usukani. Mtu akiisifu, sema ahsante. Akikuuliza bei kwa kutaka kujua, na ni mtu wako wa karibu, mwambie. Akikuuliza ili akupime, mwambie ni ghali, nilijiwekea akiba, kisha umuulize habari za watoto wake. Akiipenda kweli, ivue umpe aishike, aitie mkononi, aigeuze aone mashine kama ina kioo nyuma. Utaona jinsi uso unavyobadilika mtu anapopewa kushika kitu alichodhani hakimhusu. Hilo ndilo jambo ambalo nimeliona likiondoa unyonge baina ya watu kuliko maneno yoyote. Jamaa zetu walioko Muscat wanazijua saa zenye nembo ya jambia usoni alizokuwa akitoa Sultan Qaboos kama zawadi, nyingine kwa wanajeshi wa Kiingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar. Leo hizo hunadiwa kwa pesa nyingi kwa sababu kila moja inajulikana ilitoka kwa nani na kwa nini. Na yako uijue hivyo hivyo. Ulifanya kazi gani, uliweka akiba muda gani, ulijinyima nini. Mtu anayeweza kueleza hayo bila kugugumia haoni haja ya kuvuta mkono wa shati.

Kwa mama yako nenda nayo. Usimfiche. Akiuliza umeinunua kiasi gani, mtajie kiasi chote, usipunguze hata shilingi, na akikugombeza nyamaza umsikilize mpaka amalize. Ana haki hiyo. Lakini kabla ya kwenda, hakikisha ada ya mdogo wako ya muhula huu imelipwa, na lile paa la jikoni alilokuambia linavuja umeshamtuma fundi.

Jingine: ukija likizo usiingie nayo baharini kabla sijaiona. Nataka nikague raba za mgongoni na za kwenye kitufe cha pembeni, kwa sababu maandishi ya kuzuia maji hayadumu milele na chumvi yetu haina huruma. Hata ikiwa salama, ukitoka majini isuuze kwa maji baridi ya mfereji, na usikifungue kile kitufe mpaka ikauke kabisa.

Mjomba wako.