Upepo Haukuupinda Peke Yake

Mchezaji wa gofu anapoupiga mpira wa kwanza kutoka kwenye tii, uso wa fimbo na mpira hugusana kwa takribani nusu ya elfu ya sekunde, kisha basi. Mkono haupati nafasi ya kujirekebisha. Habari ya mguso ule haijafika hata kwenye ubongo, na mpira tayari uko angani. Ukianza vizuri, kisha ukapinda kulia na kutumbukia vichakani, mpigaji huwa na maneno mawili mdomoni: upepo, au kudra. Maneno hayo husemwa pia na mkulima, na mzazi, na kiongozi, nami naona yanastahili kuchunguzwa, kwa sababu nyuma yake kuna swali zito la imani na maadili. Jambo likishatoka mkononi mwangu, bado ni langu? Jibu langu ni kwamba ni langu, tena kwa sehemu kubwa kuliko tunavyopenda kukiri.

Tuanze na mpira wenyewe, maana hauna upendeleo. Unapoondoka huelekea karibu kulekule uso wa fimbo ulikokuwa ukitazama wakati wa kugusana. Kosa la nyuzi 2 tu, hata kama mpira haukupinda kabisa, huuweka mita 7 nje ya njia ukifika mita 200. Kupinda ni habari nyingine: hutokana na tofauti kati ya upande uliotazamwa na uso wa fimbo na njia iliyopitwa na kichwa cha fimbo. Uso ukitazama kulia kwa njia hiyo, mpira huzunguka kama pia iliyoinamia kulia, na hewa huusukuma huko. Mjerumani Heinrich Gustav Magnus alieleza mwaka 1852 jinsi hewa inavyokisukuma kando kitu kinachozunguka. Katika miaka ya 1890, Peter Guthrie Tait, profesa wa Edinburgh ambaye mwanawe alikuwa bingwa wa gofu, akaonyesha kwamba mzunguko wa kurudi nyuma ndio unaoubeba mpira ukakaa angani muda mrefu kuliko ambavyo ungekaa bila huo. Hewa inayoupotosha mpira, basi, ndiyo hiyohiyo inayoubeba. Anayejifunza kuupinda kwa makusudi, mara kulia mara kushoto, hashindani na hewa, anaipa kazi. Na kazi hiyo huipa mapema, katika namna anavyoshika fimbo, anavyosimama na anavyoelekeza mabega. Wakati wa pigo lenyewe hakuna linaloamuliwa tena.

Sasa tuupeleke mpira huo Lushoto, katika milima ya Usambara. Mji uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani ya Tanga kwa kiasi cha asilimia 13. Pigo lilelile lingepinda kidogo kuliko ambavyo lingepinda pwani. Mlima, kwa hiyo, una sehemu yake katika safari ya mpira, na sehemu hiyo inapimika. Lakini mlima hauchagui upande. Kulia au kushoto kuliamuliwa chini, kwenye nyasi. Ndivyo ilivyo kwa mvua ya miteremko ya Soni, Lushoto na Mlalo. Ikikuta kingo zilizochimbwa kukata mteremko na mstari wa majani ya guatemala yaliyoshika mizizi, maji hupunguza mwendo, huzama, na kabichi hunywa. Ikikuta mistari iliyolimwa kutoka juu kwenda chini, maji hujikusanya, huchimba mfereji mwembamba kama kidole, msimu unaofuata mpana kama mkono, na udongo mwekundu hushuka nayo hadi mtoni. Mwenye shamba husema mvua ya mwaka huu ilikuwa mbaya. Huenda ilikuwa mbaya kweli. Lakini mfereji umefuata njia iliyochorwa na jembe.

Mcha Mungu ataniuliza: je, huku si kumpunguzia Mwenyezi Mungu mamlaka yake, kwamba mja ndiye anayeamua mpira utue wapi na mvua ifanye nini? Naliheshimu swali hili, nami sidhani kwamba linajibiwa kwa kumweka Mungu kando. Mafundisho ya Ashari, ambayo Waislamu wengi wa Kishafii wa Afrika Mashariki wameyarithi, yanasema Mungu ndiye muumba wa kila tendo na mja ndiye mwenye kulichuma. Kuumbwa kwa tendo hakumwondolei mchumaji dhima yake. Na hadithi mashuhuri, ile ya kumfunga ngamia kisha kumtegemea Mungu, ina mpangilio ambao tunausahau: kufunga kunatangulia, kutegemea kunafuata. Anayemtaja Mungu baada tu ya mpira kupotea, ilhali hakumkumbuka alipokuwa akisimama vibaya, hajategemea. Ametafuta pa kujificha.

Wengine hawataji dini, wanataja bahati. Wachezaji wawili hupiga sawasawa. Mpira wa mmoja hugonga tawi na kurudi njiani, wa mwingine hugonga tawi na kupotea. Kweli kabisa, na kwa pigo moja sina la kujibu. Pigo moja halimshtaki mtu wala kumsifu. Lakini tazama mapigo 100. Upepo wa siku hizo umevuma huku na huku, matawi yamekuwa mengi na machache, na mpira bado umepinda kulia. Kilichobaki bila kubadilika ndicho kinachoshuhudia. Mfereji unaorudi mahali palepale kila masika nao ni shahidi wa namna hiyo, na ndoa inayovunjika kwa ugomvi uleule hali kadhalika.

Pingamizi linalonielemea zaidi ni jingine: vipi kama fimbo haikuwa mikononi mwangu? Usambara ina ushahidi wake. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, na baadaye ukaenezwa; wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwa amri, na waliokaidi wakaadhibiwa. Lawama ya mmomonyoko iliwekwa kwa mkulima, lakini uamuzi akanyang'anywa. Wasambaa walipinga, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru wa 1961. Katika miaka ya 1980 mradi wa hifadhi ya udongo wa SECAP ulipofanya kazi na wakulima wenyewe, majani ya kukinga udongo yalisimama katika mashamba mengi. Tofauti ni nani aliyeshika mpini. Na jambo hili Wasambaa walilijua tangu enzi za Wakilindi, ukoo wa wafalme wao wa Vugha: mfalme ndiye aliyetazamiwa kuizifya shi, yaani kuiponya nchi, na ndiye aliyeshtakiwa kwa kuibana, yaani kuiharibu. Waliona kwamba nguvu ikipambana na nguvu, nchi huumia; na baada ya kifo cha mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862 wakubwa walipigana kweli, na watu wakauzwa utumwani. Wengine huiita imani hiyo ushirikina wa mvua. Mimi naisoma kama hukumu ya haki, kwamba dhima hukaa palipo na mamlaka.

Kwa hiyo usimhukumu mkulima wa Mlalo kabla ya kuuliza ni nani aliyeshika jembe. Na wewe uliyelishika mwenyewe, usiniambie habari za mawingu. Masika ya Lushoto huanza Machi, na kingo huchimbwa kabla.