Mvua Yetu Haina Jina

Wajukuu zangu, mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogelea pwani ya Tanzania, vijana wengi hapa kwetu walipitishiana habari zake kwenye simu na kuulizana kama kitafika Kericho. Nchi ilikuwa imelowa tayari. Kufunguliwa kwa shule kulikuwa kumeahirishwa, na watu zaidi ya 200 walikuwa wameshafariki kwa mafuriko ya msimu ule. Hofu yenu ilikuwa na sababu, ila mliielekeza pasipo pake. Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei, kikaishiwa nguvu. Kimbunga hula joto la bahari, na kikipanda nchi kavu hunyong'onyea. Tena upepo wake huzungushwa na mzunguko wa dunia, na kazi hiyo ya mzunguko karibu na ikweta ni hafifu mno. Sisi hatujafika hata digrii moja kusini mwa ikweta. Kimbunga cha bahari hakitapanda hadi Kericho wala Bomet.

Ninachotaka mkishike ni hiki. Kimbunga hupewa jina, hutazamwa na setilaiti kwa siku kadhaa, na mtu wa Kilwa au Mafia hupata muda wa kuvuta ngalawa yake hadi juu ya ufuo. Mvua yetu haina jina na haitangazwi kwa wiki nzima. Asubuhi jua linawaka, saa sita wingu linapanda upande wa Nyanza, saa tisa mvua ya mawe inapiga mabati hata mama na mtoto waliokaa benchi moja hawasikilizani. Katikati ya hapo hakuna muda wa kupanda ngazi kurekebisha paa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwetu mawingu huja kila siku, na ndiyo maana tumeyazoea hadi hatuyatazami.

Yanakuja kwa sababu upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima yetu mchana na kukutana na ule wa mashariki. Hewa hupaa juu sana, na matone yaliyomo huganda. Kericho na Nandi Hills hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Katika miaka ya 1960 wataalamu walirusha hadi roketi kwenye mawingu juu ya mashamba ya chai, wakitaka kuyavunja mawe yakiwa bado angani. Leo roketi hazipo, mawe yapo.

Kwa hiyo nyumba hutayarishwa Januari na Februari, wakati wa jua, wakati hakuna anayetaka kusikia habari za mvua. Anzeni na paa. Msumari wa bati una kofia, na chini ya kofia kuna mpira. Mpira ukikauka ukapasuka, maji hupenya kwenye tundu, ubao unaoza polepole, na siku moja msumari unakuwa umeshika ubao ambao haushiki kitu. Ukitazama kutoka chini utaona paa zima. Panda ngazi, shika kofia ya msumari kwa vidole viwili, uzungushe. Msumari ukizunguka umekufa, ung'oe upige mwingine pembeni yake. Angalieni zaidi kingo za paa, kwa maana upepo ukipata ukingo mmoja ulioachia hauchukui bati moja, huinua mstari mzima. Mapao yafungwe kwenye kuta kwa mkanda wa chuma, siyo kwa misumari mitupu. Na mnapojenga, msidanganyike na namba: geji 32 ni bati jembamba kuliko geji 28. Vijana wengi hununua jembamba ili pesa zibaki za rangi ya ukuta. Rangi ingoje.

Kisha miti. Mikaratusi tuliyoipanda ili tukiuzie kiwanda kuni imekuwa mirefu kuliko nyumba zetu mara tatu, na mingine imesimama hatua chache kutoka vyumba wanamolala watoto. Mti uwe mbali na nyumba kuliko urefu wake. Usiofikia umbali huo upunguzwe au uangushwe wakati wa kiangazi na mtu anayejua kazi, na kama umekaribia nyaya za stima, waitwe watu wa stima kwanza.

Radi ndiyo inayonikosesha usingizi. Hamuiheshimu. Chai hukatwa kila mara ibaki kiunoni, kwa hiyo mchumaji aliye katikati ya shamba ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwenye mteremko mzima. Nawaona mkisikia ngurumo mnaharakisha mikono, mnataka kapu lijae kabla ya gari kufika kituo cha kununulia majani. Msiharakishe mikono, harakisheni miguu. Ukiona mwanga wa radi, hesabu moja, mbili, tatu hadi ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Ngurumo ikifika kabla ya thelathini, radi imeshakukaribia, ondoka. Ingia kwenye nyumba yenye kuta au ndani ya gari lililofungwa, na ukae huko nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kibanda kisicho na kuta hakitoshi, na chini ya mti ni kubaya kuliko kote. Nailoni ya mchumaji na gambuti havizuii chochote, mtu asiwadanganye.

Tena ng'ombe msiwafunge kwenye seng'enge. Nimeona kwa jirani ng'ombe walioanguka wamejipanga kando ya uzio, na nguzo iliyopigwa ilikuwa mbali, upande wa pili wa boma. Waya uliibeba radi hadi walipo. Chomoeni televisheni na chaja wingu likiwa bado mbali. Na mtu akipigwa, msimkimbie. Mwili wake hauna umeme uliobaki, mguseni. Kama hapumui, mbonyezeni kifua hapo hapo bila kukoma, huku mwingine akitafuta gari. Wako waliopona kwa sababu mtu mmoja hakuogopa kuwagusa. Wale watakaokuja baadaye kuuliza ni nani aliyemlaani, au ni mzee gani aliyetuma radi, waambieni wanyamaze. Nimeishi kuona maneno hayo yakivunja koo mbili ambazo zilikuwa zikioana.

Mawe yenyewe huua mara chache, lakini huingia mfukoni. Yakipita, shamba linabaki vijiti. Majani machanga yamechanika, gome la matawi limepasuka, na ugonjwa huingia kwenye vidonda hivyo. Itapita wiki kadhaa kabla hujachuma tena jani linalokubaliwa kituoni, na mwezi huo malipo ya kilo yatakuwa kiduchu. Ndiyo sababu nimekuwa nikiwaambia, bonasi ya chai ikija msiimalize kwa pikipiki na kwa sherehe. Wekeni kando kiasi cha kulisha nyumba na kulipa karo kwa miezi miwili isiyo na majani. Pandeni na kingine: viazi vitamu viko chini ya udongo, mawe hayavifikii, na ng'ombe wa maziwa aliye zizini hulipa hata chai ikikataa.

Maji ya chini nayo yana njia zake. Kabla ya alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, pale Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na takataka zilizoziba njia yake chini ya reli yalipasua na kushuka bondeni. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wakiwa wamelala. Nyinyi mnapita kila siku kwenye kalavati zilizojaa magogo, mifuko na matawi ya chai iliyopogolewa. Kila moja ya hizo inakusanya maji ya mteremko fulani juu ya nyumba fulani. Zibueni Februari, wanakijiji pamoja, bila kumngoja mtu wa kaunti. Na mtoto yeyote anayevuka Chemosit, Kiptiget, Itare au Nyangores kwa daraja la gogo, awe na mahali pa kulala ng'ambo, kwa shangazi au kwa rafiki wa darasa, ili mvua ikinyesha jioni asijaribu. Mtu mzima huangushwa na maji yaendayo kasi yasiyofika magoti. Bodaboda huangushwa mapema zaidi, na abiria wake pamoja.

Wale mliojenga kwenye miteremko iliyokatwa, zungukeni nyuma ya nyumba kila baada ya mvua kubwa. Mkiona ufa mpya kwenye udongo wa juu, miti iliyoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, au chemchemi iliyokuwa safi imegeuka tope ghafla, hamieni kwa ndugu usiku huo huo. Kule Pokot Magharibi, Novemba 2019, na Chesongoch, mwanzoni mwa Novemba 2025, udongo ulishuka usiku juu ya watu waliolala. Hawa ni watu wetu, wa lugha zetu, na milima yao inafanana na yetu.

Ya ndani ya nyumba nayataja kwa haraka kwa kuwa mnayajua. Vitambulisho, vyeti vya watoto, hati ya shamba na karatasi zenye namba yako ya mkulima wa chai viwe ndani ya mfuko wa plastiki, mahali ambapo mkono unapafikia gizani. Dawa za wazee zisiishe. Taa ya sola ichajiwe. Kuni kavu ziwe chini ya paa. Maji ya kunywa yachemshwe mvua ikizidi, kwa sababu vyoo hufurika na chemchemi huchafuka. Na msiidharau mursik, maziwa yetu ya mgando: sotet mbili, yaani vibuyu, zilizofunikwa vizuri hukaa muda mrefu bila friji, na stima huku kwetu hupotea wingu linapopita tu. Sikilizeni redio za Kitwek au Chamgei wanaposoma utabiri wa idara ya hali ya hewa, kwa maana utabiri wa siku tano una faida hata kama hausemi saa. Namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo, iandikeni ukutani kwa makaa.

Kisha kaeni usiku mmoja mkubaliane. Nani anambeba kogo, yaani bibi, asiyeweza kutembea, nani anashika watoto wadogo, nani anafungua zizi, mnakutana wapi mkitawanyika. Msiseme mtajua wakati huo, kwa sababu wakati huo hakuna atakayemsikia mwenzake. Na mkimaliza paa zenu mwezi wa kwanza, wawili wenu washuke na ngazi na nyundo hadi kwa yule mzee anayeishi peke yake chini ya kituo cha majani. Miguu yake haipandi tena, na upande wa magharibi wa paa lake tayari nimeona bati mbili zikipigapiga.