Kipimo cha Tone

Chupa ya dripu ikishatundikwa, jamaa wa mgonjwa hushusha pumzi. Katika wodi za watoto za Kampala, ambako mama hulala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mwanawe na shangazi huingia asubuhi na birika la chai, chupa ile ni ushahidi kwamba sasa kuna jambo linafanyika. Vidonge havina heshima hiyo. Hata mtu mzima aliyechoshwa na kazi utamsikia akisema anapita kliniki "awekewe maji" apate nguvu, na kliniki za kumwekea hazikosekani. Maji mengi, nguvu nyingi: ni hesabu ambayo hatukufundishwa darasani, lakini wengi wetu tunaiamini kuliko zile tulizofundishwa.

Kwenye mpira unaoshuka kutoka chupa hiyo kuna kitu ambacho jamaa huwa hawakitazami. Ni kibanio cha plastiki, chenye kigurudumu kidogo kinachosukumwa kwa kidole gumba. Ukikisukuma huku mpira unabanwa na matone yanapungua, ukikirudisha yanaongezeka. Hiyo ni vali, pengine iliyo rahisi kuliko zote hospitalini. Juu yake kuna kichupa kinachoonyesha ndani, matone yanadondoka humo, na mbele ya kichupa nesi amesimama, saa yake imebanwa kifuani kichwa chini, midomo inacheza bila sauti. Anahesabu. Mipira mingi ya watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita moja, kwa hiyo akiambiwa mililita 500 ziishe kwa saa nne, anatafuta matone 42 kwa dakika. Anahesabu dakika nzima, anasogeza kigurudumu kidogo sana, anahesabu upya. Kisha anabandika kipande cha plasta ubavuni mwa chupa na kukiandika kwa kalamu: hapa saa tatu, hapa saa nne, hapa saa tano. Akipita tena, plasta itamwambia kama maji yanakwenda na saa au yameiacha.

Shida ni huko kupita tena. Wodi imejaa, na manesi wa zamu ya usiku ni wachache mno kwa vitanda vilivyopo. Kigurudumu nacho hakikai kilipoachwa. Mpira uliobanwa kwa muda hulegea na kubadili umbo. Mtoto anakunja mkono wenye sindano. Mama anampakata, na kimo kati ya chupa na mshipa kinabadilika, nacho ndicho kinachoyasukuma maji, maana hapa hakuna injini, ni uzito wa maji tu. Matone 42 yaliyopimwa saa tatu usiku yanaweza kuwa 25 saa tano, au 70. Na bado hatujamtaja shangazi.

"Musawo, hii chupa haishuki."

"Inashuka, nyabo. Iache hivyo hivyo."

Nesi akigeuka, mkono wa upendo unakwenda kwenye kigurudumu.

Sioni sababu ya kumlaumu. Kwetu ukarimu unapimwa kwa kilichojaa. Sahani ya mgeni ikionyesha ukingo, mwenyeji ameaibika. Aliyelelewa hivyo akiyaona maji ya uhai yakidondoka moja moja, anaona ubahili. Tena katika imani hiyo shangazi hakuwa peke yake. Alikuwa na madaktari wakubwa wa dunia nzima.

Kwa miaka mingi mwongozo wa tiba ulisema hivi: mtoto mwenye homa kali ambaye damu haimfikii vizuri mwilini, mikono na miguu imempoa, apewe maji ya mshipa kwa wingi na kwa haraka. Hospitali za nchi tajiri zilifanya hivyo na hakuna aliyeuliza. Ndipo kati ya 2009 na 2011 watafiti wa Afrika Mashariki, pamoja na Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, Sarah Kiguli wa Makerere na Peter Olupot-Olupot wa Mbale, wakaamua kuuliza. Utafiti huo unaitwa FEAST. Ulifanyika Mulago hapa Kampala, Mbale, Soroti, Lacor kule Gulu, Kilifi nchini Kenya na Muheza nchini Tanzania. Katika kundi lake kuu walikuwamo watoto 3,141. Wengine walipewa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa moja, wengine wakapewa maji ya kawaida ya taratibu tu.

Matarajio yalikuwa kwamba maji mengi yangeokoa. Kati ya watoto waliopewa kwa haraka, zaidi kidogo ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wale ambao hawakupewa, walikuwa 7 katika 100. Kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu iliusimamisha utafiti Januari 2011, kabla haujafikia idadi iliyopangwa. Watoto watatu zaidi katika kila mia, na kilichowaondoa ni wema wetu.

Mara nyingi nimeufikiria ujasiri wa kutangaza jambo kama hilo. Daktari hakujifunza kutokufanya. Amekula kiapo, ana chupa mkononi, mtoto yuko mbele yake anahema, halafu takwimu zinamwambia: punguza. Dunia nayo haikuharakisha kusikia. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake wa huduma ya dharura kwa watoto mwaka 2016, miaka mitano baada ya matokeo kuchapishwa. Mazoea ya kutoa yana mizizi mirefu kuliko mazoea ya kuzuia, labda kwa sababu anayetoa huonekana na anayezuia lazima ajieleze.

Wengine walikigeukia kigurudumu cha dripu chenyewe. Katika mtaa wa viwanda wa Nakawa, upande wa mashariki wa Kampala, ndiko iliko Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ya Uganda. Hapo mhandisi Philippa Ngaju Makobore na wenzake walitengeneza kifaa kinachoitwa kwa kifupi ECGF, cha kuisimamia dripu ya kawaida. Mwaka 2017, huko Accra, kilimpatia nafasi ya pili katika Tuzo ya Uvumbuzi kwa Afrika, na dola 25,000 za Marekani. Maelezo ya kifaa yaliyotolewa wakati huo yaliutaja utafiti ule ule wa watoto.

Wazo lake linaelezeka. Kihisi kinayatazama matone yanapodondoka. Kifaa kinajua daktari ametaka kiasi gani, kinalinganisha na kinachodondoka kweli, kisha kinarekebisha njia ya maji mpaka viwili hivyo vilingane. Hakiyasukumi maji, uzito wake unatosha. Ni jicho na mkono wa nesi vimeunganishwa na waya, na havisinzii saa tisa usiku.

Jambo lenyewe ni la kale, na la Nile hii hii. Huko Aleksandria, mto unakoishia, katika karne ya 3 kabla ya Kristo Ktesibios alitengeneza saa ya maji yenye boya: maji yakipanda, boya linaziba njia, yakishuka, linaifungua. Boya la tangi lililo juu ya paa lako linafanya kazi hiyo hiyo bila kuijua historia yake. Tofauti ya wodi ni kwamba boya halijali likichelewa, ilhali mshipa wa mtoto wa kilo nane unajali.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Chukua dripu inayotakiwa kutoa mililita 60 kwa saa. Kwa mpira wa matone 20, hilo ni tone moja kila sekunde tatu. Kati ya tone na tone mashine haina habari yoyote; iko gizani. Tone likichelewa nusu sekunde, je, mpira umebanika, au mtoto amekohoa tu? Mashine yenye papara itafungua mara moja, tone linalofuata litawahi, nayo itabana kwa nguvu, kisha itafungua tena, na dripu itayumba kama mlevi, zaidi hata ya kama ingeachwa peke yake. Mashine yenye uvivu itasubiri mpaka maji ya ziada yameshaingia. Mhandisi anatafuta katikati: usibadilike kwa sababu ya tone moja, lakini usiwe kiziwi kwa matone kumi. Kila anayebuni vali ya namna hii hupitia humo, na usiku mwingi huishia kwenye uamuzi huo mmoja, wa kusahihisha kwa nguvu kiasi gani. Nawajua wazazi, na wakubwa wa ofisi, ambao wangefaidika kukaa benchi moja naye.

Mtu atauliza kwa nini tusinunue pampu za dripu zilizokwisha kutengenezwa ng'ambo. Zipo, na nyingine huletwa kama msaada. Nyingi hutaka mpira wake maalumu wa kampuni ile ile, na mpira ukiisha pampu inakuwa meza ya kuwekea vikombe. Umeme ukikatika na betri ikiwa imechoka, ni hivyo hivyo. Kubuni kitu kinachokubali kuishi katika wodi ilivyo, badala ya kuidai wodi iwe nyingine, ni adabu ambayo wahandisi wetu wanasifiwa kidogo mno kwa kuwa nayo.

Lakini nisiwape sifa isiyo yao, na hapa naona mazungumzo juu ya vifaa hivi huteleza. Watoto wa FEAST hawakuzidishiwa maji kwa bahati mbaya. Hakuna kigurudumu kilichoteleza wala shangazi aliyegusa mpira. Walipewa kile hasa kilichoandikwa. Kama ECGF ingekuwa kwenye kila kitanda, ingetii mililita zile kwa uaminifu mkubwa, na hesabu ya vifo isingebadilika. Vali haijui kiasi kinachofaa. Inajua kiasi ilichoambiwa. Kushika kipimo ni kazi moja, kukijua ni nyingine, na ya pili iligharimu miaka miwili ya kuhesabu maisha na vifo katika hospitali sita.

Tena hakuna kipimo kimoja cha kukariri. Baada ya habari za 2011 ingekuwa rahisi kusema maji ni hatari, basi. Mlete sasa mgonjwa wa kipindupindu, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta inabaki imesimama. Huyo akipewa kwa kiasi cha woga atakufa mbele yako: mwongozo unataka mililita 100 kwa kila kilo katika saa tatu tu, au saa sita kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na sehemu ya kwanza iingie kwa kasi. Wagonjwa wa kuharisha hawakuingizwa katika FEAST kwa sababu hiyo. Maji ni yale yale na vali ni ile ile. Ndiyo maana sipendi watu wanaposifu kiasi kana kwamba maana yake ni kidogo.

Waliougua malaria kali zamani kidogo wataikumbuka dripu ya kwinini, masikio yakivuma kama kuna mzinga wa nyuki ndani. Dawa ile ilitakiwa iingie polepole, saa nne kila dozi, kwa kuwa ikikimbia inaugusa moyo, na sukari ya damu nayo ilibidi iangaliwe. Artesuneti, ambayo kila dozi huchomwa kwa sindano na kwisha, imelipunguza jukumu hilo. Lakini katika chumba cha uzazi dripu ya kuongeza uchungu ipo bado, na inapandishwa matone machache machache huku mkunga ameweka mkono juu ya tumbo. Hapo matone ya ziada ni mfuko wa uzazi unaoweza kupasuka. Nikiulizwa kifaa cha Nakawa kianzie wapi, ningesema hapo, hata kabla ya wodi ya watoto, ingawa mkono wa mkunga usitoke tumboni.

Watafiti wa FEAST hawakuishia kwenye maji. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine, TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi kwa watoto wenye upungufu mkubwa wa damu. Safari hii swali lilikuwa damu kiasi gani: mililita 20 kwa kila kilo, au 30? Kwa jumla hakukuwa na tofauti ya vifo, na mtu mvivu angefunga daftari hapo. Walipotenganisha watoto wenye homa na wasio na homa, picha ikapasuka vipande viwili. Wasio na homa walinufaika zaidi na 30. Wenye homa, 30 iliwaongezea hatari, na 20 ikawafaa. Kwa hiyo chupa ya damu inapotundikwa Mbale au Mulago, namba ya kuiambia vali haianzii kwenye vali. Inaanzia kwapani mwa mtoto, kwenye kipimajoto, na kwa mtu wa kukiweka, kukisoma na kuandika alichokisoma kabla hajagusa kigurudumu.