HUZUNI YA MIEZI YA BARIDI: JE, NI UPUNGUFU WA IMANI?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mama zetu, vijana wetu,

Baridi imeingia hapa Lubumbashi. Mvua zilikwisha mwezi wa nne, na sasa, mwezi wa sita, upepo wa usiku unapita chini ya mlango. Usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10. Magharibi inafika mapema, umeme ukikatika ndani ya lupango kunakuwa giza, na kila mtu anajifungia na bulangeti lake. Msikitini pia tunaona: safu za Alfajiri zinapungua, na za Isha vilevile. Tunasema ni uvivu. Kwa wengine ni uvivu kweli. Lakini si kwa wote.

Nitawaeleza kosa langu mimi mwenyewe. Kuna mzee mmoja katika jamaa yetu ambaye mke wake alifariki katika miezi hii ya baridi. Mwaka uliofuata, baridi iliporudi, mzee akaacha kuja. Nilimwendea. Nilisimama mlangoni, sikukaa hata dakika tano, nikamwambia: "Mzee wangu, usubiri. Muumini hahuzuniki hivi." Akaniangalia, akasema: "Imamu, subira ninayo. Kile sina ni mtu wa kukaa naye jioni." Nilirudi nyumbani na jibu hilo, na mpaka leo sijalisahau. Nilikuwa nimetumia neno subira kama mtu anayefunga mlango.

Basi swali la Ijumaa hii ni hili: mtu mwenye moyo mzito, je, imani yake imepungua?

Tuangalie Sura ya Yusuf. Nabii Yaqub (a.s.) alipoletewa kanzu yenye damu ya uongo, alichagua subira njema. Haya yako katika aya ya 18. Lakini ukifika aya ya 84, ni Yaqub huyo huyo ambaye macho yake yamekuwa meupe kwa huzuni. Na katika aya ya 87, bado katika huzuni hiyo, anawaambia wanawe wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Subira, machozi na matumaini vilikaa katika kifua cha mtu mmoja, naye ni Nabii. Kwa hiyo huzuni si kitu kimoja na kukata tamaa. Kilichokatazwa ni kukata tamaa. Huzuni ni jeraha, na mwenye jeraha hatuulizi kwa nini anatoka damu.

Na nani alimlaumu Yaqub? Ni watoto wake, katika aya ya 85, waliomwambia kwamba hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka aharibike. Hao ndio waliosababisha msiba wenyewe! Nasi mara nyingi tunafanana nao: mtu analia, tunamkemea, kumbe upweke wake sisi ndio tumeuleta kwa kutomtembelea.

Mtume wetu (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Abdurrahman bin Auf alipostaajabu, akamjibu kwamba hiyo ni rehema. Na mwaka aliofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, wanavyuoni wameuita Mwaka wa Huzuni. Hawakuuita mwaka wa upungufu wa imani.

Pengine mtu atasema: "Kama huzuni si dhambi, basi niache nikae nayo." Hapana. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu amkinge na wasiwasi na huzuni. Kitu ambacho unaomba ukingwe nacho, na wewe pia unajikinga nacho. Na ametufundisha kutafuta dawa, kwa kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake. Moyo ni amana kama vile mwili ni amana.

Hata waganga wa siku hizi wameliona jambo hili. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliandika juu ya watu ambao roho zao zinashuka kila mwaka siku zinapokuwa fupi, na ambao walipata nafuu kwa mwanga. Ndugu zetu walioko Ubelgiji wanajua: mwezi wa kumi na mbili mchana wa Brussels ni kama saa 8 tu, na kutoka Adhuhuri mpaka Isha sala zinafuatana haraka. Kwetu mchana haupungui sana hivyo. Lakini baridi, giza la umeme na upweke vinatosha kumwelemea mtu aliyekwisha kuchoka.

Basi tufanye nini?

Kwanza, ukimaliza sala ya Alfajiri usirudi moja kwa moja kwenye bulangeti. Ngoja jua, tembea kidogo, msalimie jirani.

Pili, ukiwasha mbabula, usilale nayo ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa ya makala inaua, na haina harufu ya kukuamsha. Fungua dirisha, na kabla ya kulala toa mbabula nje.

Tatu, tembeleaneni, na mkae. Bibi Aisha (r.a.) palipotokea msiba alingoja mpaka watu wameondoka, wamebaki jamaa wa karibu, ndipo akaamuru ipikwe talbina, yaani uji wa unga wa shayiri, kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema unatuliza moyo na kuondoa baadhi ya huzuni. Sisi tunajaa siku ya mazishi, halafu tunapotea. Nenda na uji wako baada ya watu kuondoka.

Nne, wapigieni simu watoto wetu walioko Ulaya na Kanada bila kuomba pesa. Muulize tu: umelala? umekula? unakaa na nani?

Tano, mtu asiyelala wala kula kwa majuma, au anayesema kwamba afadhali afe, msiseme haraka ni jini, wala msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya, na dua iendelee. Dua na dawa havigombani.

Yule mzee, baada ya siku zile, tulipanga zamu: kila jioni mtu mmoja anakwenda kukaa naye baada ya Magharibi. Hatukumhubiria. Wengine walikota moto tu naye. Baridi haikupungua, wala mke hakurudi, na machozi bado yanamtoka. Lakini sasa anakuja Isha, na anayemshika mkono njiani mara nyingi ni mimi.

Ewe Mola wetu, tuondolee huzuni zetu, na utufanye sababu ya faraja kwa wenzetu. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.