Je, Mchezaji Huuzwa?

Jioni ukipita penye kiwanja chochote cha upande wetu wa kusini, toka Makote kule Newala mpaka Masasi chini ya majabali yake, utawakuta vijana wakicheza mpira hadi giza linapowazuia kuuona. Ukiketi nao wakipumzika, utasikia mazungumzo yao: fulani ameuzwa kwa mamilioni, fulani amenunuliwa, fulani siku hizi hana bei. Maneno hayo hutamkwa na watoto, na baba zao, na watangazaji wa redio, wala hatuoni anayeshtuka. Sisi yatushtua, nasi twaomba subira ya msomaji tueleze sababu.

Mji wa Masasi wa leo una chanzo chake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, yule aliyejenga kanisa kuu la Unguja mahali palipokuwa soko la watumwa, aliongoza kutoka pwani kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia yake ilikuwa kuwarudisha karibu na kwao, pande za Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi walipapenda, wakaona hakuna haja ya kwenda mbele, wakajenga. Soko la Unguja lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1873. Yaani mji huu ulikaliwa na watu waliojua kwa miili yao maana ya kutajiwa bei. Na katika mji huo huo leo neno "ameuzwa" limekuwa habari njema ya kupigiwa vigelegele.

Twajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba hilo ni neno tu, kwamba kinachouzwa ni mkataba, wala si mtu. Jibu hilo lina haki yake. Mchezaji huahidi kuitumikia klabu kwa miaka kadhaa. Klabu nyingine ikimtaka kabla ya muda kwisha, humlipa yule wa kwanza ili amfungue katika ahadi yake. Hata fundi mwashi aliyepatana kujenga nyumba hawezi kuondoka ukuta ukiwa nusu bila kuzungumza na mwenye nyumba.

Lakini historia ya mpira haikuwa hivyo siku zote. Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, alimaliza mkataba wake mwaka 1990, akataka kwenda kucheza Ufaransa. Klabu yake ikamshika kwa sababu ya fedha, ingawa ahadi yake ilikuwa imekwisha. Alishitaki, na mwezi wa Desemba 1995 mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikaamua kwamba mchezaji wa nchi za umoja wao, akishamaliza mkataba, yu huru kwenda klabu ya nchi nyingine ya umoja huo pasipo klabu ya kwanza kudai chochote. Basi hadi mwaka ule, mtu aliyetimiza neno lake aliweza bado kuzuiwa. Huyo hakuwa tena kama fundi wetu mwashi. Neno "kuuzwa" halikutoka hewani.

Tuje karibu na nyumbani. Nizar Khalfan, kiungo wa timu yetu ya taifa, alizaliwa Mtwara mwaka 1988. Alicheza Kuwait, akarudi, na mwaka 2009 alikwenda Kanada kuichezea Vancouver Whitecaps. Mwaka 2011 klabu hiyo iliingia katika ligi kuu ya Marekani na Kanada, naye akaingia pamoja nayo. Ligi hiyo ina desturi yake ya peke yake: mchezaji hutia sahihi na ligi yenyewe, wala si na klabu, klabu moja ikimwacha, nyingine yaweza kumdai. Ndivyo ilivyokuwa mwaka huo huo: Vancouver walimwacha, na Philadelphia Union wakamdai, klabu ya mji ulio upande wa pili wa bara lile. Mwaka 2012 alirudi nchini, akaichezea Yanga.

Hatusemi kwamba alidhulumiwa. Kanuni zilikuwa wazi, na kazi ile ilimpa kijana wa Mtwara nafasi ambayo wengi hawajaiota. Twamtaka msomaji apime jambo moja tu. Mkulima wa korosho wa Newala anajua mnada ulivyo. Tangu mwaka 2007, ulipoanza utaratibu wa stakabadhi ghalani, mazao yake hupimwa, hupewa daraja, huwekwa ghalani, na wanunuzi hushindana kwa bei. Korosho haiulizwi kama inataka kwenda India au Vietnam. Tofauti yote kati ya mkataba na mnada iko hapo, katika kuulizwa. Kadiri mtu anavyoulizwa kidogo, ndivyo mkataba wake unavyolisogelea ghala.

Wako wanaosema kwamba mshahara mkubwa hufuta yote hayo. Twamkumbuka Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kameruni. Alitoka Canon ya Yaoundé akaenda Lens, Ufaransa, mwaka 1994. Akapitia West Ham, akapitia Lyon, na msimu wake wa mwisho aliucheza Manchester City "kwa mkopo", kama wasemavyo, mithili ya jembe la jirani. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Kameruni wakicheza na Kolombia, alianguka katikati ya kiwanja pasipo kuguswa na mtu, akafa. Alikuwa na miaka 28. Moyo wake ulikuwa na ugonjwa ambao bei zote zile hazikuuona. Jembe la kuazima likivunjika hulipwa, na shauri limekwisha. Manchester City hawakumpa tena mchezaji mwingine jezi yake, namba 23. Kwa hiyo hata wenye biashara walijua, siku ile, kwamba alikuwa mtu.

Twasikitika kusema kwamba mara nyingi bei ya kwanza haitajwi Ulaya. Hutajwa nyumbani. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akipiga mpira vizuri, ukoo mzima huanza kugawana nyumba ambayo hajaijenga: huyu bati, yule ada, mjomba pikipiki. Akija mgeni aliyevaa vizuri na karatasi za lugha isiyosomeka, nani atathubutu kuuliza? Kanuni za FIFA zakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa toka nchi hadi nchi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mzazi asiyejua hilo hushukuru pale ambapo angemwita polisi.

Kanuni hizo hizo zasema pia kwamba mchezaji akihamia klabu ya nchi nyingine kwa malipo kabla mkataba wake haujaisha, sehemu 5 katika kila 100 za fedha hizo zigawiwe klabu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Fedha hizo hudaiwa kwa maandishi: jina la mtoto, tarehe aliyojiunga, tarehe aliyoondoka. Tumeviona viwanja vingi kati ya Newala na Masasi, na makocha wanaojitolea mpaka usiku, na mipira iliyoshonwa mara ya nne. Daftari hatukuliona.